Ratiba ya Wiki Moja

Machi. Ziwa la hapa Lahti bado limejifungia ndani ya barafu,
na wavuvi wametoboa vishimo, wamekaa juu ya ndoo
kama watu wanaosubiri kuitwa na daktari.
Mimi niko jikoni na ramani ya Saimaa,
rula, penseli, na kikombe cha nne cha kahawa.
Wiki moja ndiyo niliyopewa na mahakama,
Jumamosi saa sita hadi Jumamosi saa sita,
mwezi wa saba, Venla na mimi.

Ramani yenyewe haisemeki:
hujui kama ni nchi iliyomwagikiwa maziwa
au ziwa lililopasuliwapasuliwa na nchi kavu.
Visiwa vimetapakaa kama makombo ya mkate.
Saba nimevizungushia duara.

Jumapili: kayaki, saa tatu hadi saa saba.
Tukishakula, baiskeli, kilomita ishirini na mbili,
na ile feri ya manjano isiyolipiwa.
Jumatatu: ngome ya mawe, ngazi zote, hadi kileleni.
Usiku, maana jua halina haraka ya kulala, kumtafuta sili.
Jumanne: upinde na mishale, kisha kamba
za kuning'inia kati ya misonobari.
Mvua ikinyesha? Boling, mjini.
Mvua ikizidi? Makumbusho ya kufuli.
Nikiona mraba mtupu kwenye karatasi
moyo unanienda mbio, naujaza.

Kwa sababu mwaka jana tulikaa.
Tulikaa tu, mtoto upande huu, baba upande ule,
katikati sahani ya biskuti,
saa ya ukutani ikituhesabia.
Shule ikoje? Nzuri.
Mama hajambo? Hajambo.
Maneno yaliisha Jumapili, wiki ikabaki na siku sita.
Kimya kingi, na mshindo haukuja.

Nikampigia mwenye nyumba za kupanga, Bi Hilkka Pesonen,
sauti yake kokoto tupu.
Nikamsomea ratiba, mstari kwa mstari.
Akakohoa.
"Mtoto anajua kuogelea?"
Nikasema ndiyo. Nikasema, nadhani.
"Jaketi za kuokolea tunazitoa kwa uzito. Ana kilo ngapi?"

Penseli ikasimama.
Nilijua kina cha maji kati ya kisiwa na kisiwa,
nilijua saa ya feri ya mwisho.
Bi Hilkka hakucheka. Alisema tu:
"Muulize mwenyewe. Boti hazikimbii,
bado ziko chini ya theluji."

Venla alipokea simu huku anatafuna.
Thelathini na moja, akasema. Na nusu, ukipima na koti.
Kuogelea anajua, kwa mgongo; kifudifudi anameza maji.
Halafu kikaja kimya, kile kile cha mwaka jana,
kikaketi kati yetu bila kuvua viatu.
Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumtaja sili,
akanitangulia:
"Baba, bado unalo lile kopo la vifungo?"

Kopo gani?

"Siku ya mvua. Tulivipanga kwa rangi, wewe na mimi,
hukuniuliza kitu mpaka giza likaingia.
Tulimaliza vya bluu. Vya kijani bado."

Sikukumbuka. Hata sasa sikumbuki vizuri.
Nimelikuta juu ya friji, nyuma ya unga wa shayiri,
kopo la bibi yangu, kifuniko kimeshika kutu.
Ndani, vifungo vya bluu kwenye mfuko wao peke yao,
na kikaratasi kwa mwandiko wa mtoto: TAYARI.

Sijafuta kila kitu. Kayaki ipo.
Ngome ipo, ngazi tutaona tukifika.
Mishale ipo kwa sababu naipenda mimi.
Lakini Jumatano nimeisugua kwa kifutio
mpaka karatasi ikakaribia kutoboka,
na pale kwenye orodha ya mizigo,
chini ya dawa ya mbu na soksi za ziada,
nimeandika: kopo.

Na pembeni, kwa wino: kilo thelathini na moja.
Na nusu, ukipima na koti.